Mama Aliyetoa Damu Kamina

Kazi yangu ni kutafuta dawa ambayo bado haipo. Ndugu zangu wakiniuliza ninachofanya Ulaya huwa nawajibu hivyo, nao hucheka wakidhani ninaficha kitu. Lakini kweli yenyewe ndiyo hiyo. Katika maabara yetu hakuna mgonjwa hata mmoja, hakuna vidonge wala sindano za kutibu. Kuna damu ya watu waliougua ugonjwa fulani wakapona, au walioishi nao miaka mingi bila kuangushwa. Ndani ya damu hiyo tunatafuta kingamwili, yaani zile protini ndogo ambazo mwili huzitengeneza ili kumnasa mdudu wa ugonjwa na kumzuia. Tukipata moja yenye nguvu kuliko nyingine, tunajaribu kuitengeneza wenyewe nje ya mwili, ili siku moja apewe mtu asiyekuwa nayo. Nyingi hufia njiani. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuzoea vifo hivyo, isipokuwa kimoja.

Siku hiyo mkuu wa maabara aliniita ofisini kwake. Ni mwanamke mpole, mwenye tabia ya kufunga mlango polepole kabla ya kusema jambo zito. Tulikuwa tumeanza mradi wa malaria, na tulihitaji damu ya watu wazima walioishi maisha yao yote mahali ambapo malaria haina likizo. Alikuwa amepata ruhusa ya kufanya kazi hiyo katika hospitali moja ya Kamina, mji wa reli wa Katanga, kusini mwa Kongo.

"Karatasi zako zinaonyesha ulizaliwa huko," akasema. "Unaweza kwenda?"

Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri.

Nilizaliwa Kamina, ni kweli. Lakini wazazi wangu walikuwa watu wa Kasai, baba akiwa karani wa reli, na nilikuwa na miaka tisa wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga na wenyeji waliotuita wageni. Tulitoka nyumbani asubuhi tukiwa na masanduku mawili na sufuria moja, tukaenda kungoja treni kwenye gare, kama tunavyoiita stesheni kwetu. Tulingoja wiki tatu. Tulilala kwenye saruji pamoja na familia nyingine nyingi, tukijipanga mistari kama samaki wanaoanikwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka miwili. Katika wiki ya pili alishikwa na homa, viganja vyake vikawa vyeupe, midomo ikawa myeupe. Alikufa mgongoni mwa mama, na mama hakujua mpaka alipofungua kitambaa amshushe anywe maji. Baba na wanaume wawili wakaenda kumzika. Walirudi na udongo mwekundu kwenye viatu, na hakuna aliyewauliza wamemweka wapi. Baada ya siku chache treni ikaja, tukapanda.

Wenzangu wa kazini wakisikia hadithi hii hupenda kuamini kwamba nilisomea kinga ya mwili kwa ajili ya mdogo wangu. Si kweli. Nilisomea biolojia kwa sababu nilipata alama nzuri kwenye mtihani, na kwa sababu mwalimu mmoja alinionyesha tone la maji ya mto chini ya darubini. Mdogo wangu nilimweka mahali ambapo simgusi, nikaishi.

Jioni ile nilimpigia simu mama yangu, ambaye sasa anaishi Mbuji-Mayi, huko Kasai. Nilimwambia ninatumwa Kamina.

"Wakikuuliza kwenu ni wapi, sema Lubumbashi, kama mtu yeyote wa Katanga," akasema, kwa Kiluba chetu cha Kasai. "Usitaje jina la baba yako."

"Mama, siku hizi watu wanaishi pamoja. Wakasai wako tele pale, wanafanya biashara."

"Nimesikia. Sema Lubumbashi."

Nilifika Kamina kwa ndege ndogo mwishoni mwa mvua, nikiwa na masanduku ya vifaa na pipa la naitrojeni, ile ya maji, yenye baridi kali kuliko barafu yoyote. Pipa lile ndilo lilikuwa roho ya kazi. Seli nyeupe za damu zikigandishwa ndani yake hubaki hai miaka mingi. Naitrojeni ikipungua zikapata joto, kila kitu kimekwisha. Hospitali ilinipa chumba kimoja cha nyuma, chenye meza ndefu na dirisha linalotazama barabara ya vumbi. Nilipewa pia muuguzi wa kunisaidia, mwanamume wa makamo, mzaliwa wa Kamina, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyekuwa anatoa damu. Mimi nilikuwa napokea chupa, naandika namba, nazungusha damu kwenye mashine mpaka ijitenge: chembe nyekundu chini, maji ya njano juu, na katikati pete nyembamba yenye ukungu, kama maziwa yaliyomwagika kwenye chai bila kukorogwa. Pete hiyo ndiyo niliyokuja kuchukua. Unaivuta polepole kwa mrija, huku umezuia pumzi.

Watu walikuja. Walikuja wake za askari kutoka kule Base, kambi ya jeshi, wakiwa wamevaa vizuri kama wanakwenda misa. Walikuja wachuuzi waliofika na samaki wakavu kutoka Bukama na Kinkondja, wakaegesha baiskeli zao ukutani, na chumba kikanuka ziwa siku nzima. Wakulima wa vijiji vya karibu walikuja kwa sababu padri alikuwa ametangaza kanisani. Kila mmoja nilimsomea karatasi ya ruhusa, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha kwetu: damu yako itapelekwa mbali, jina lako halitakwenda nayo, una haki ya kukataa hata sasa, una haki ya kujua tulichokipata. Nilikuwa naisoma kwa sauti ya mtu mwaminifu. Na kila aliyeniuliza kwetu ni wapi nilimjibu Lubumbashi.

Katika wiki ya pili alikuja mwanamke mmoja aliyekaribia miaka sitini. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na beseni la sombe, majani ya mihogo, kichwani, kwa sababu alikuwa anapitia sokoni. Aliliweka beseni chini, akafuta miguu vumbi kwa majani, akakaa kitini. Hakunyoosha mkono.

"Weye njo dokta ya damu?" akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo njo ni ndiyo na minyi ni mimi.

"Eyo, mama," nikaitikia.

"Padri alisema munatafuta bantu bakubwa ba kutoa damu. Minyi niko hapa. Lakini kwanza niulize. Munatafuta nini mu damu yangu?"

Nikamweleza. Nilisema ameishi hapa tangu utoto, malaria imempiga mara nyingi, na sasa haimwangushi tena kama zamani. Mwili wake umejifunza. Ndani ya damu yake mna kitu kinachomnasa mdudu wa malaria kabla hajaingia kwenye ini, na sisi tunataka kukiona kitu hicho kinafanyaje kazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira, "Minyi nilizala batoto munane. Batatu balikufa na malaria. Kama damu yangu iko na nguvu vile, juu ya nini balikufa? Si nilibabeba mu tumbo? Si balinyonya maziwa yangu?"

Muuguzi aliinamisha kichwa, akaanza kupanga pamba ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Nimesimama mbele ya maprofesa na nimeulizwa maswali mengi. Hilo sijawahi kuulizwa, na jibu lake liko kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza.

"Inaingiaka mu mutoto, mama," nikasema. "Inapitia mu tumbo. Mutoto anazaliwa nayo. Lakini inakalaka miezi kidogo tu, kisha inaisha. Anabakia yeye peke, mpaka mwili yake nayo ijifunze."

"Inaisha."

"Inaisha, mama. Kwa batoto bote. Hata mama akuwe na nguvu namna gani."

Alitazama dirishani. Barabarani palikuwa panapita mtu anasukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, na alimtazama mtu yule mpaka akapotea.

"Hakuna muntu mwenye aliniambia hivi," akasema. "Miaka yote nilikuwa najisema labda maziwa yangu njo ilikuwa mubaya."

Ndipo aliponyoosha mkono.

Damu ilipokuwa inaingia kwenye chupa aliniuliza tena, "Mukipata kile kintu, utarudi kunipasha habari?"

"Nitarudi."

"Na kama hamukipate?"

"Nitarudi vilevile, mama."

"Na weye, kwenu ni wapi?"

Nilikuwa nimeshika kalamu, ninaandika namba yake kwenye kibandiko. "Lubumbashi," nikasema.

"Eyo," akajibu. Akaamini. Akachukua beseni lake la sombe akaenda sokoni.

Mchana ule jenereta ilizimika wakati damu yake ingali inazunguka. Mashine iliposimama nilifungua kifuniko nikakuta tabaka zimeanza kuchanganyika, pete haina ukingo. Muuguzi alikimbia nje kuhangaika na jenereta pamoja na fundi wa hospitali. Mimi nilibaki nimeshika vile vichupa mikononi mwangu ili visipoe wala visipate joto, kwa karibu saa nzima, huku nikimfikiria mtu aliyetembea tangu alfajiri. Umeme uliporudi nikaanza upya. Seli zilizopatikana zilikuwa chache kuliko za wengine, lakini zilikuwa hai. Nikazishusha kwenye pipa.

Kwa wiki zote nilizokaa Kamina sikupita njia ya gare hata mara moja. Kwenda sokoni nilikuwa nazunguka mbali. Muuguzi aliona, nadhani, lakini hakusema neno.

Huko Ulaya kazi ilianza. Tulizipitisha seli za watu wote, moja moja, mbele ya kipande cha mdudu wa malaria tulichokipaka rangi inayong'aa. Seli inayokishika inang'aa nayo, na hapo unaitenga peke yake. Kila seli ya namna hiyo hutengeneza kingamwili ya aina moja tu, kwa hiyo tukishaitenga tunasoma maelekezo yaliyo ndani yake na kuanza kuitengeneza kingamwili hiyo. Miezi ilipita. Kisha ikajitokeza moja iliyotushangaza wote. Tulipoiweka pamoja na wadudu wa malaria na seli za ini, wadudu walishindwa kuingia. Tukarudia. Wakashindwa tena. Kijana mwenzangu wa meza ya pili alirudia kwa mikono yake, bila mimi kuwepo, akapata jibu lilelile.

Niliangalia namba ya chupa. Kwa kanuni sikutakiwa kujua ni ya nani, na majina yalikuwa yamebaki Kamina, kwenye kabati la hospitali. Lakini kibandiko nilikiandika mimi mwenyewe, na nilikumbuka kalamu ilikuwa mkononi mama yule aliponiuliza kwetu ni wapi. Sikumwambia mtu.

Mwaka mzima na zaidi niliishi na kingamwili ile. Nilijua inapenda joto gani, chumvi kiasi gani, inavyoganda ukiitikisa vibaya. Watu wa maabara waliiita kwa namba. Mimi moyoni nilikuwa naiita "ya mama". Mkuu wa maabara alianza kuitaja kwenye mikutano na wakubwa zake, na siku moja alileta keki, jambo asilolifanya kamwe.

Kabla dawa ya namna hiyo haijaendelea mbele, ni lazima ijaribiwe juu ya vipande vyembamba vya nyama ya mwili wa binadamu vilivyobandikwa kwenye vioo: moyo, mapafu, ini, ubongo, ngozi, vyote. Kingamwili ikishika mahali isipotakiwa, pale panageuka rangi ya kahawia. Inatakiwa kila kioo kibaki kisafi. Niliviangalia kimoja kimoja chini ya darubini. Moyo safi. Mapafu safi. Nilipoweka kioo cha figo niliona duara ndogo ndogo za kahawia, zimepangika vizuri, nzuri kama maua yaliyoshonwa kwenye kitambaa.

Niliondoa macho. Nikafuta lenzi. Nikatazama tena.

Nilirudia jaribio lile mara tatu, kwa figo za watu tofauti. Kisha tukajaribu kuibadilisha kidogo, kuipunguza hapa, kuiongeza pale, ili iache figo ibaki na malaria. Kila tulipofanikiwa kuiachisha figo, iliacha na malaria pia. Ilikuwa inashika kote kwa mkono mmoja. Mkutano wa kuifuta haukuchukua muda mrefu. Mkuu wa maabara alisema sentensi mbili za kutushukuru, akaandika kwenye ubao jina la kingamwili nyingine tutakayoanza nayo Jumatatu.

Niliporudi mezani kwangu, kijana mwenzangu alikuja akasimama karibu. "Ndivyo kazi yetu ilivyo," akasema. Alikuwa anataka kunifariji. Nilimwambia najua, kisha nikaingia kwenye chumba cha baridi tunakotunza vimiminika, nikasimama mle na koti langu jembamba mpaka meno yakaanza kugongana.

Nilimwomba mkuu ruhusa ya kurudi Kamina kutoa habari. Alisema barua inatosha, hospitali itaisoma. Nikamwambia niliahidi kwa mdomo. Alinitazama, akafunga mlango, akasema, "Basi nenda kwa likizo yako." Nikaenda kwa likizo yangu.

Muuguzi alinipokea kama mtu aliyeondoka jana. Alitafuta jina kwenye kabati, na siku ya pili tukapanda pikipiki yake mpaka kijijini, mwendo wa nusu saa kati ya mashamba ya mihogo. Yule mama alikuwa amekaa nje ya nyumba anabangua karanga. Alituona kwa mbali akaendelea kubangua, kisha akatambua, akasimama. Mikono yake yote miwili ilikuwa na maganda.

"Dokta ya Lubumbashi," akasema. "Ulirudi kweli."

Alituletea viti. Nilimweleza kila kitu, kama nilivyoeleza hapa, ila taratibu zaidi. Nilimwambia tulikipata kile kitu katika damu yake na kilikuwa na nguvu kuliko cha watu wote waliokuja. Uso wake ulifunguka. Nikamwambia sehemu ya pili.

"Basi niko mugonjwa wa figo?" akauliza.

"Hapana, mama. Mu mwili yako iko kidogo sana, haina nguvu ya kuharibu. Ni sisi njo tulitaka kupatia muntu mingi kwa mara moja. Lakini tutapima mukojo yako leo, ili ukuwe na roho ya kutulia."

Muuguzi alikuwa amekuja na vipimo. Tulipima pale pale, na mkojo ulikuwa safi. Yule mama alikitazama kikaratasi cha kipimo kwa makini kama anakisoma.

"Kwa hiyo haitakuwa dawa."

"Haitakuwa, mama. Samahani."

"Weye ulifanya kosa?"

"Sikufanya kosa. Nilitafuta kosa sana. Ningelipata ningefurahi."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye karanga zake. Muuguzi alinyanyuka akaenda kuangalia pikipiki. Nilijua ndipo pa kuaga. Badala yake nilisikia sauti yangu inasema, "Mama, kuko neno lingine. Nilikudanganya."

Aliinua macho.

"Minyi si muntu wa Lubumbashi. Nilizaliwa hapa Kamina. Baba yangu alikuwa karani ku reli. Tuko ba Kasai." Nikamwambia kuhusu gare, na zile wiki tatu, na mdogo wangu. Nilimwambia kwamba alinipa damu yake kwa kuniamini, na mimi sikumpa hata neno moja la kweli juu yangu.

Nilitegemea aseme si kitu, mwanangu. Watu wengi wangesema hivyo. Yeye aliweka sinia la karanga chini, akakaa mikono imelala mapajani, na alipoanza kuongea hakunitazama.

"Ule mwaka," akasema, "nilikuwa na batoto babili na mimba. Siku moja bwana yangu alikuya na kitanda. Kitanda ya mbao, ya muzuri, na godoro yake. Nikamuliza, umekitoa wapi? Akasema, mu nyumba ya ba Kasai, benyewe hawako tena. Lakini minyi nilijua benyewe beko wapi. Nilikuwa napitaka ku gare kila siku ya soko. Nilikuwa naona bamama na batoto balilala chini."

Akapangusa maganda ya karanga mapajani.

"Nilitandika ile kitanda. Nililala pale. Nilizalia pale. Sikusema kintu kwa bwana, sikusema kintu kwa padri. Mutoto mwenye nilizalia pale njo wa kwanza kufa."

Nilitaka kumwambia kwamba mtoto wake hakufa kwa sababu ya kitanda, na hilo nilimwambia, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu niliona ameshaishi na hesabu hiyo miaka mingi kama alivyoishi na ile ya maziwa. Lakini kuhusu kitanda chenyewe sikumwambia kwamba si kitu. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyelala chini kwa ajili ya kitanda kile. Huenda tulilala naye mstari mmoja. Siwezi kusamehe kwa niaba yake, na mama yule hakuniomba nisamehe.

Baadaye aliniuliza, "Balimuzika wapi, ndugu yako?"

"Siyui, mama. Baba alikufa bila kusema."

"Bale ba gare balizikwa upande mumoja," akasema. "Nitakuonyesha. Kesho, nyuma ya misa."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilimkuta nje ya kanisa la mjini amevaa kitenge cha akina mama wa parokia, na tukatembea wawili mpaka makaburini. Tulipita mbele ya makaburi ya saruji yenye misalaba na picha, tukapita yale ya matofali, mpaka pakawa hapana kitu ila nyasi na matuta ya mihogo ya mtu. Hapakuwa na alama yoyote. Ardhi ilikuwa imelimwa ikalala sawa. Alisimama pembeni ya tuta akaonyesha kwa mkono, kutoka mti mmoja mpaka mwingine.

"Ni hapa yote," akasema. "Minyi niliona bakichimba."

Nilikuwa nimedhani nitalia, lakini machozi hayakuja. Niliangalia ile mihogo, majani yake yalikuwa mazuri, na nikajaribu kukumbuka uso wa mdogo wangu nikashindwa. Nilichokumbuka ni kitambaa cha mama alichombebea, cha bluu, chenye ndege. Yule mama alianza kusali kwa Kiluba cha Kamina. Nilielewa nusu. Alipomaliza nikasali kwa Kiluba cha Kasai, na nadhani naye alielewa nusu. Wakati wa kurudi alinishika mkono mahali penye mashimo, akauachia tulipofika barabarani.

Kabla hatujaachana aliuliza kama tutahitaji damu tena. Nikamwambia mradi ule umefungwa, labda siku nyingine. "Munijulishe," akasema. "Iko mingi."

Nilirudi kazini. Niliendelea na kingamwili nyingine, ya mtu mwingine, ambayo nayo ilikufa, kwa sababu nyingine. Ninayoishughulikia sasa bado inapumua. Sijui itafika wapi.

Miaka miwili baada ya siku ile muuguzi alinitumia ujumbe. Yule mama alikuwa amefariki. Hakuugua malaria, alianguka ghafla shambani, na walipomfikisha hospitali alikuwa amekwishaondoka. Kisha nikakumbuka kwamba ndani ya pipa letu mna vichupa vyake viwili, bado havijafunguliwa, na seli zilizomo ni hai. Karatasi aliyotia sahihi ilisema tunaweza kuvitunza. Haikusema kitu juu ya kufa.

Nilimwomba muuguzi amtafute binti yake mkubwa, na akamtafuta. Tulizungumza kwa simu, mimi nikiwa nimesimama kwenye korido ya maabara. Nilimpa pole. Nilimwambia mimi ni nani na nimezaliwa wapi, yote tangu mwanzo. Nikamweleza juu ya vile vichupa, na kwamba familia ikitaka viharibiwe, nitaviharibu mwenyewe kwa heshima.

Aliuliza, "Iko mama mwenyewe mule?"

"Ni kidogo yake," nikasema. "Kidogo sana. Lakini iko hai."

Nilimsikia anaongea na watu waliokuwa naye, sauti za kike na za kiume, kwa Kiluba, zinapishana. Mtu alilia kidogo. Kisha akarudi kwenye simu.

"Muchunge," akasema. "Mama hakukuwaka na tabia ya kutupa kintu."

Nikamwambia tutavitunza. Aliniuliza hali ya hewa ya huku, nikamwambia kuna baridi, akasema nivae vizuri, na tukaagana.